Mkojo Wangu Ndani ya Sefu ya Bosi

Jumapili iliyopita mliniacha chali sakafuni, mrija wa kupulizia moto bado uko mdomoni, wenzangu watatu wakibishana kama nimekufa au nimelala kazini. Sikuwa nimekufa. Kwa bosi wangu Mzee Haripada, kulala kazini ndilo kosa kubwa zaidi.

Kwa mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Gokul Karmakar, sonara, uchochoro wa Bowbazar, Kolkata. Wengine huchonga, wengine hung'arisha, mimi nalehemu. Naunganisha viungo vya mikufu ya mabibi harusi kwa lihamu yenye kadmiamu, madini yanayoyeyuka upesi na kutoa moshi wa kahawia. Moshi huo nimeuvuta miaka kumi na tisa bila mtu kuniuliza kama naupenda.

Aliyekaa kushoto kwangu, Nimai, alivimba miguu. Akaambiwa figo zimechoka. Bosi akampa blanketi na kumrudisha kijijini kwao, na mwaka haukuisha tukasikia amekufa.

Na miguu yangu nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Basi, hiyo ndiyo habari yangu. Yaliyobaki ni aibu tupu.

Baada ya kuzirai, mke wangu Kusum alinikokota mpaka ukumbi wa klabu ya mtaa. Kulikuwa na kambi ya kupima figo bure, siku tatu tu kwa mwaka mzima. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, Dk. Lahiri, anayeongea kama mtu aliyechelewa treni.

"Nataka mkojo wako wa siku nzima," aliniambia.

"Wote?"

"Kila tone. Kuanzia kesho Ijumaa saa moja asubuhi mpaka Jumamosi saa moja asubuhi. Nitapima protini na hiyo kadmiamu yenu. Ukimwaga hata kidogo, kipimo kimeharibika. Na mimi Jumamosi saa sita mchana nafunga virago."

"Daktari, kesho nina kazi."

"Basi nenda nao kazini."

Akanikabidhi dumu la plastiki la lita tatu. Ubavuni lilikuwa na karatasi yenye jina langu, na chini yake, kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, neno MKOJO.

Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nilibandua ile karatasi.

"Baba Jhuma, kwa nini unabandua?" aliuliza Kusum.

"Mzee Haripada akijua ninaumwa, nitapewa blanketi."

Kusum akalowesha kitambaa akanipa. Alimfahamu mke wa Nimai.

"Haya, bandua," alisema. "Lakini ukiacha tone huko nje, usirudi hapa."

*

Ijumaa niliingia kazini na dumu limefungwa ndani ya taulo, taulo ndani ya mfuko, mfuko chini ya kwapa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kwetu anayeingia hakaguliwi.

Anayetoka ndiye anayekaguliwa. Nilikuwa nimejishughulisha sana na kuingia, nikasahau kwamba jioni kuna kutoka.

Ni lazima niwaambie kidogo kuhusu Mzee Haripada na vumbi lake. Karakana yake haina feni, na madirisha yake mawili yamezibwa kwa matambara, kwa sababu upepo ukiingia utapeperusha chengachenga za dhahabu. "Feni ni mwizi mwenye mabawa matatu," husema. Tunanawa mikono ndani ya beseni, na maji yale hayamwagwi. Tunakung'uta misuli tuliyojifunga kiunoni juu ya mkeka, na mkeka ukichakaa unachomwa majivu yakachekechwa. Kila wiki anakuja Jhoru, mnunuzi wa takataka za masonara, anabeba vumbi, matambara, maji ya beseni, hata ufagio uliokufa, anakwenda kuvikamua dhahabu.

Fundi mmoja aliwahi kupiga chafya akiwa mlangoni. Mzee alimrudisha ndani akapige nyingine kwenye mkeka.

Humo ndimo nilimokuwa na dumu langu.

Saa tatu nikaenda msalani, mfuko kwapani. Saa nne nikaenda tena. Saa tano kasoro nikaenda tena, maana Kusum alikuwa amenilazimisha kunywa chupa mbili za maji kabla sijatoka, eti ili daktari asitudharau.

"Gokul," aliita Mzee, "leo vipi? Unakwenda msalani kama mtu aliyelima shamba huko."

"Tumbo, Mzee."

"Tumbo ndilo limebeba mfuko?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao, na hapo ndipo nilipokosea. Katika miaka kumi na tisa Mzee hajawahi kuniona nikicheka utani wake.

Nilikuwa na mkufu wa harusi mbele yangu, viungo arobaini. Nikaweka mrija mdomoni nikajifanya bize. Nikasikia ndara zake zikiburuzika. Zikasimama nyuma yangu. Kisha nikasikia taulo linafunuliwa.

"Hee!" alisema Mzee Haripada.

Tazama sasa. Katika kazi yetu kuna tindikali kali inayokula dhahabu. Ukiitumbukiza bangili humo, bangili inayeyuka yote, unabaki na maji ya manjano. Mwizi anaweza kubeba mahari ya bibi harusi ndani ya chupa huku akipiga mluzi. Kila bosi wa Bowbazar analala akiyaota hayo maji ya manjano.

Na Mzee Haripada alikuwa ameyashika mkononi, lita nzima.

Akalipapasa dumu. "Vuguvugu! Nyote, njooni mshuhudie. Bado inachemka!"

"Mzee, hiyo siyo..."

Akalitikisa. Ndani likajaa povu. Nene, jeupe, linapanda mpaka shingoni. Dk. Lahiri alikuwa ameniuliza kuhusu povu hilo. Ndiyo dalili kwamba figo zinavujisha protini. Lakini Mzee hakuwa na shahada ya udaktari.

"Povu! Tindikali inakula dhahabu yangu huku naiangalia kwa macho yangu! Gokul! Nimekulisha samaki sikukuu zote!"

"Mzee, huo ni mkojo."

Wenzangu wakaweka vifaa chini.

"Wa nani?"

"Wangu."

"Wewe unakojoa ndani ya dumu, unalifunga kwenye taulo, unalificha chini ya benchi langu. Kwa nini?"

Hapo nikakwama. Nikisema ukweli, mimi ni mgonjwa, napewa blanketi. Nisiposema, mimi ni mwizi, napewa polisi. Nikamwangalia mwenzangu mmoja, akaangalia dari.

"Nauhifadhi," nilisema.

"Unauhifadhi! Umekuwa achari?"

"Daktari anautaka."

Likanitoka. Mzee akashusha dumu polepole. Akaniangalia usoni, kisha akaangalia miguu yangu. Nikairudisha nyuma chini ya benchi, lakini alikuwa ameshaiona.

"Kumbe," alisema kwa sauti ya chini. "Basi mwanangu, tuelewane. Kama ni dhahabu, twende kituoni. Kama ni mkojo wa daktari, kachukue vitu vyako, nitakutafutia blanketi. Chagua mwenyewe."

Naapa nilifikiria kusema ni dhahabu.

*

Wakati huohuo akaingia Jhoru na magunia yake. Mtu mwembamba, kucha ndefu, pua inayofanya kazi kuliko ukoo wake mzima.

"Mnagombania nini?" aliuliza.

"Jhoru, wewe ni mtaalamu," alisema Mzee. "Hii ni tindikali ya dhahabu au siyo?"

Jhoru akafungua kizibo. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena kama mtu anayechagua embe.

"Mkojo," alisema.

Nilitaka kumkumbatia.

"Lakini wa fundi lihamu," aliendelea. "Wa miaka mingi. Kuna madini humu."

"Madini gani?"

"Mzee, fikiria mwenyewe. Mimi nachoma misuli chakavu ya mafundi napata dhahabu. Nachoma mikeka napata. Nasafisha matope ya mfereji wenu napata. Huyu bwana amekaa hapa miaka kumi na tisa akimeza vumbi lako mchana na jioni. Hilo vumbi linakwenda wapi? Si lazima litokee mahali?"

"Halitokei huko!" nilisema. "Daktari amesema kinachotoka ni kadmiamu na protini!"

"Daktari anajua dhahabu?" aliuliza Jhoru. Kisha akamgeukia Mzee na kupunguza sauti. "Niachie hilo dumu. Nitakuletea samaki ilish mmoja, mwenye mayai."

Hapo mambo yakageuka. Ndugu zangu, Jhoru ni mtu ambaye tangu azaliwe hajampa mtu hata kichwa cha dagaa. Jhoru akitoa ilish mwenye mayai, basi kitu hicho kina thamani ya ng'ombe.

Mzee Haripada akalivuta dumu kifuani.

"Haliuzwi."

"Ilish wawili."

"Toka!"

"Mzee," nilisema, "hilo dumu ni langu."

"Lako kwa vipi? Chai unayokunywa ni yangu. Vumbi unalomeza ni langu. Hewa ya humu ni yangu, nimeiziba mwenyewe kwa matambara. Kwa hiyo kinachotoka ni changu. Kanuni ya karakana: hakuna kinachotoka nje bila ruhusa."

"Na blanketi?" aliuliza mwenzangu mmoja, mchokozi.

"Blanketi gani? Nani kataja blanketi? Gokul ni fundi wangu. Gokul, kunywa maji."

Jhoru akachomoa kifuko cha unga wa kijani, ule wa kuivuta dhahabu itoke ndani ya tindikali. "Basi angalau tujaribu na kijiko kimoja cha dawa, tuone kama inakaa chini..."

"Usitie kitu!" nilipiga kelele, nikaruka juu ya benchi. "Ukitia kitu kipimo kimeharibika!"

Wakatazamana.

"Unaona anavyoulinda?" alisema Jhoru.

"Naona," alisema Mzee.

Akalibeba dumu mpaka kwenye sefu, akaliweka katikati ya mikufu mitatu ya harusi na sanamu ndogo ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, akafunga. Kutwa nzima kila nilipobanwa alilitoa, akanisimamia, akalirudisha. Jioni akanikagua mlangoni kuliko siku zote, akanitikisa mpaka meno.

"Kesho saa nne, nikimaliza kusali, tutalifungua mbele ya watu," alisema. "Na wewe usiende msalani nyumbani kwako. Subiri uje hapa."

*

"Mkojo uko wapi?" aliuliza Kusum nilipofika.

"Ndani ya sefu ya bosi."

"Sijakuuliza habari za bosi. Dumu liko wapi?"

"Ndilo liko ndani ya sefu."

Kusum alikaa juu ya ndoo. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, kisha akasimama akachemsha chupa ya plastiki, akaisuuza mara tatu na kunikabidhi.

"Daktari alisema kila tone. Nusu iko kwa bosi, nusu itakuwa humu. Kesho mtavikutanisha."

Nyumba yetu ina wapangaji kumi na moja na choo kimoja. Kusum alisimama mlangoni kila nilipoingia, akihoji kupitia ubao: "Umeanza? Umemaliza? Wote umeingia?" Jirani aliuliza kama tunafungua biashara. Kusum alimjibu kwamba tayari tuna wateja wawili.

Jumamosi saa moja asubuhi kamili nilijaza fungu la mwisho. Saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni kwa Mzee. Saa nne akaja. Akafungua, akawasha udi, akasali, akanyunyizia sefu maji matakatifu, na dumu langu nalo likanyunyiziwa kwa nje. Saa tano kasoro robo ndipo alipoligusa.

"Mzee," nilisema, na hapa sikuwa na utani tena. "Nimai alikaa pale. Unapakumbuka. Hakupimwa mpaka miguu yake ikawa kama mito ya kulalia. Kambi inafunga saa sita. Nipe dumu langu nipimwe, halafu ukitaka nifukuze. Nifukuze nikiwa hai."

Mzee akakuna kidevu. Kuna kitu kilimpita usoni, sikukijua.

"Huko kambini wana mashine?" aliuliza.

"Wanayo."

"Inaonyesha kila madini yaliyomo?"

"Inaonyesha."

"Hata dhahabu?"

Mungu anisamehe. "Pengine," nilisema.

"Basi twende. Lakini mali yangu haitoki bila mimi."

Akalifunga dumu kwenye mkono wake kwa uzi mwekundu, mafundo matatu. Tukapanda riksho, yeye na dumu kwenye kiti, mimi na chupa yangu pembeni nusu nje. Nyuma yetu Jhoru alikuja mbio kwa miguu akipaza sauti: "Ilish watatu! Watatu, Mzee!" Watu madukani wakasimama kuangalia nani anaoa.

*

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi. Wahudumu walikuwa wanakunja meza.

"Gokul Karmakar," alisema Dk. Lahiri. "Nilijua utachelewa. Huyu ni nani, na kwa nini amefungwa kwenye mkojo wako?"

"Mimi ndiye mmiliki," alisema Mzee Haripada.

Daktari hakuuliza zaidi. Nadhani katika kambi ya siku tatu anaona mengi. Alikata uzi kwa mkasi, akaunganisha chupa na dumu, akapima ujazo, akachota chupa ndogo mbili akaziandika jina langu.

"Kadmiamu itajulikana baada ya wiki tatu, inakwenda maabara. Protini naangalia sasa hivi."

Akachovya kijikaratasi cha manjano. Kikageuka kijani cha majani machanga.

"Umewahi," aliniambia. "Figo zimeumia lakini hazijafa. Ukiacha huo moshi leo, unaweza kuzeeka. Ukiendelea, huna miaka mingi."

Nilitaka kucheka na kulia, nikafanya yote mawili vibaya.

"Ngoja," alisema Mzee. "Hiyo rangi inamaanisha kuna kitu humo?"

"Kuna kitu ambacho hakitakiwi kuwemo, ndiyo."

"Na rangi ikizidi?"

"Basi kimezidi."

Mzee akajivuta, akakaza nguo aliyojifunga kiunoni. "Mimi nimekaa mle miaka thelathini na minne. Huyu ni fundi tu. Nipime na mimi."

Akapewa kikopo. Akaenda, akarudi anakibeba kwa mikono miwili kama anapeleka sadaka hekaluni. Jhoru alikuwa ameshafika, anahema mlangoni, pua mbele.

Daktari akachovya. Karatasi haikupita kwenye kijani cha majani machanga. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kijani kilichokoza, kile kinachokaribia rangi ya bluu, mwisho kabisa wa kipimo.

"Ahaa!" alipaza sauti Mzee Haripada, akapiga meza. "Mmeona? Nimempita! Jhoru, umeona? Bosi ni bosi! Gokul, wewe bado mtoto!"

Jhoru alianza kupiga makofi. Kisha akaacha, kwa sababu Dk. Lahiri hakuwa anacheka.

"Mzee, wewe unalehemu?" aliuliza.

"Mimi? Sishiki moto. Nasimamia tu. Nakaa kwenye kona yangu."

"Kuna dirisha kwenye kona hiyo?"

"Lipo. Nimeliziba mwenyewe."

"Naomba nione miguu."

Alisita. Kisha akapandisha nguo. Nilikuwa nimeona zile ndara zake zimelegezwa kamba kwa miezi mingi, nikadhani ni ubahili, anavaa za mtu mwingine. Daktari akabonyeza kidole juu ya kifundo. Shimo likabaki, halikujaa.

Jhoru alivua kofia.

"Nyote wawili mnatakiwa kliniki ya figo hospitali kubwa," alisema daktari. "Wamenipa nafasi mbili za Jumatatu. Moja nimeshaitoa asubuhi. Imebaki moja."

"Na mwingine?" niliuliza.

"Mlango wa kawaida, foleni ya miezi minne au mitano. Au kambi ijayo, mwakani." Akatutazama mmoja mmoja. "Gokul ndiye aliyejiandikisha, kwa taratibu ni yake. Lakini ukiniuliza nani yuko karibu zaidi na shimo, umeona mwenyewe. Ongeeni, nakuja."

Akaenda kumfokea mhudumu aliyedondosha mizani. Tukabaki mimi na bosi wangu na kiti kimoja katikati.

Mzee alikuwa anaitazama ile karatasi ya bluu, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa ushindi wake.

Daktari akarudi na kalamu. "Haya. Niandike nani?"

Nilipoanza kuwaandikia niliahidi kwamba sitajipamba, nanyi mmenivumilia wiki zote hizi. Natamani kuwaambia kwamba nilimtazama mzee yule nikamwonea huruma. Huruma niliiona. Lakini akilini nilimwona pia Kusum amekaa juu ya ndoo.

"Gokul Karmakar," nilisema. Nilisema haraka, kabla hajafungua mdomo.

Dk. Lahiri akaandika, akagonga muhuri, akanipa. Hakunilaumu wala hakunisifu. Mzee Haripada akatikisa kichwa mara mbili kama mtu aliyeambiwa bei, akatoka nje akakaa kwenye benchi la klabu. Jhoru alikaa naye kidogo, akamwambia ilish angemletea bure, akaondoka zake.

Nilitoka. Miaka kumi na tisa namwogopa, na sasa namwona mfupi.

"Gokul," alisema. "Ndara imefunguka. Nikiinama sifiki."

Nikapiga magoti nikashika kamba. Haikutosha kuzunguka mguu. Nikavuta, akaguna, nikalegeza. Karatasi ya Jumatatu ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati langu, sawasawa na macho yake.

"Hiyo karatasi," alisema, "wameweka picha yako?"

"Hapana, Mzee."

"Wameandika umri?"

"Hapana."

"Wameandika nini?"

"Jina tu."

"Jina tu," alirudia, taratibu.

Nikainua kichwa. Mzee Haripada alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya ule mfuko wa shati. Na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti mbele yake, nimeshika mguu wake kwa mikono yangu yote miwili.